Nguo ya Asiyeona ni ya Nani?

Tulikuwa Kasulu wakati wa kiangazi, tumeketi barazani pamoja na akina mama wa kushona. Mezani palikuwa na vitambaa vya aina nne, makasi na futi kamba, na kazi yetu ilikuwa kukata magauni ya wasichana wasioona na wenye uoni hafifu, wengine wa wilaya ile, wengine wa Kibondo. Ndipo akaja mzee mmoja wa usharika, mtu mwema ambaye hatujapata kumsikia akinena neno la dharau juu ya mtu. Akakishika kitenge chenye maua mekundu, akakigeuza huku na huku, akasema, “Hiki ni ghali kuliko kile cha rangi moja. Naye atakayekivaa haoni ua wala wekundu. Je, si afadhali kununua kile kigumu, na fedha itakayobaki iwe ya unga?”

Hatukumjibu siku ile. Mmoja alicheka kidogo, mwingine akamwona kuwa mgumu wa moyo, na makasi yakaendelea na kazi. Walakini tulirudi nyumbani na swali lake, nalo halikutuacha. Maana si swali baya. Fedha ya usharika ni chache, unga ni unga, na mtu asiyepata kuuliza swali la namna hiyo huenda hajanunua kitu kwa fedha isiyo yake. Kwa hiyo tumeona yafaa kuliandika hapa, na kulifuata mpaka mahali litakapotupeleka.

Jibu lililo karibu ni hili: yeye haoni, lakini sisi twamwona. Msichana aliyevaa vizuri huheshimiwa njiani, hupewa nafasi katika gari, na mwenye duka humwita binti wala hamdhani kuwa mwombaji. Neno hilo ni kweli. Mtu akiwa na ulemavu, na tena akiwa na nguo iliyochanika, watu huyahesabu mambo hayo mawili kuwa ni moja, wakamtilia sarafu mkononi kabla hajawasalimu. Basi gauni zuri humkinga na fedheha. Lakini liangalieni jibu hilo kwa mara ya pili nanyi mtaona upungufu wake. Lasema kwamba nguo ya msichana yule ni kwa ajili ya macho yetu. Yeye amekuwa kama msumari ukutani, nasi ndio tunaofurahia kilichotundikwa. Kama hilo ndilo jibu la pekee, basi mzee wetu ameshinda, maana macho yetu yangeweza kuvumilia kitambaa cha rangi moja, na tumbo la msichana haliwezi kuvumilia njaa.

Kabla ya kuendelea yatupasa kuwaeleza habari ya mahali penyewe, kwa kuwa wengi msomao hamjafika Buha. Mtu akitoka Kigoma, ufukoni mwa ziwa Tanganyika, njia humpandisha mpaka Kasulu, na kutoka huko huendelea kaskazini hata Kibondo. Ni nchi ya vilima na udongo mwekundu, yenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai huwa za baridi, hata watoto huenda shule wamejikunyata ndani ya sweta. Na mchana wa siku hiyohiyo jua huwaka kwa ukali, kwa sababu nchi iko juu, tena iko karibu na ikweta. Masika yakija, vumbi lote hugeuka tope. Vitenge havikosekani sokoni, maana Burundi ni jirani, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa.

Karibu na mji wa Kasulu kuna mahali paitwapo Kabanga. Pana shule ya msingi ambayo imewapokea watoto wasioona, na viziwi, na wenye ulemavu mwingine. Habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino zilipoanza kusikika sana katika nchi yetu tangu mwaka 2007, Kabanga ikawa mojawapo ya mahali walipokusanywa watoto ili wasalimike, kama vile Buhangija kule Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Watoto walitolewa vijijini, wengine pamoja na mama zao, wakaletwa nyuma ya ukuta. Hatutaki kuzisimulia tena habari za mauaji yale. Zimesimuliwa vya kutosha, na pengine kwa kupenda kusikiwa. Tumezitaja kwa sababu zahusu nguo, kama mtakavyoona.

Wengi hudhani kwamba shida ya mtoto mwenye ualbino ni ngozi tu. Sivyo. Rangi ile inayokosekana katika ngozi yake hukosekana ndani ya jicho pia, na sehemu ya nyuma ya jicho iliyo ya kuonea vitu vidogo haikui kama ipasavyo. Kwa hiyo macho huchezacheza yenyewe bila kutulia, mwanga wa mchana humwumiza, na maandishi ya ubaoni huwa ukungu. Miwani humsaidia kidogo, lakini haiondoi shida yote. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 huzaliwa hivyo, na huko Ulaya na Marekani ni mmoja katika watu 17,000 au zaidi. Basi mwenye kuwakatia nguo wasichana wa Buha wasioona vizuri hukutana na watu wa namna mbili: yule ambaye kwake mchana na usiku ni mamoja, na yule ambaye mchana ndio adui yake.

Sasa tutaungama kosa letu wenyewe. Tulishona magauni ishirini na manne. Yote yalikuwa ya rangi ya samawati, yote ya mkono mfupi, yote yamefungwa kwa vifungo vidogo vyeupe mgongoni, kwa kuwa ruwaza tuliyokuwa nayo ilikuwa hivyo, tena mtindo ule ulitupendeza. Tulisema moyoni kwamba usawa ni jambo jema: asiwepo wa kumwonea mwenzake wivu. Tukayapeleka, tukapigwa picha, tukaimbiwa, tukarudi.

Baada ya miezi mitatu tulipita tena. Magauni mengi yalikuwa ndani ya masanduku. Msichana mmoja asiyeona kabisa, wa kutoka upande wa Kibondo, mwenye umri wa miaka kumi na minne hivi, alitueleza bila hasira. Vifungo vya mgongoni hawezi kuvifunga peke yake, hivyo kila asubuhi ilimpasa kumwomba mtu. Gauni halina mfuko, na mkono wake mmoja umeshika fimbo nyeupe, basi fedha ya kununulia sabuni aiweke wapi? Kisha akasema neno ambalo hatukulitazamia. Yakianikwa magauni ishirini na manne kwenye kamba moja, yeye hajui lake ni lipi. Wenye macho kidogo huyatambua yao kwa doa au kwa mpasuko mdogo. Yeye huchukua lililobaki. Alituuliza, “Mama, lile la kwangu ni la nani sasa?”

Usawa wetu ulikuwa umemnyang'anya kitu pekee ambacho zawadi humpa mtu, yaani kuwa na kitu kilicho chake.

Twaomba mwangalie jinsi dawa ya jambo hilo ilivyo ndogo. Fundi huchukua uzi mnene, hufunga mafundo mawili upande wa ndani wa kola, penye shingo; kidole kikipita hapo chajua nyuma ni wapi, na chajua gauni ni la nani, maana mwenzake ana fundo moja, na mwingine ana ushanga. Sketi ya bluu na sketi ya kijani zikiwa za kitambaa kimoja, mkono hauwezi kuzitenga. Kifungo bapa kikishonwa ndani ya ukanda wa ile ya bluu, jambo limekwisha. Vifungo huwekwa mbele, vikubwa, na matundu yake huwa mapana kidogo. Mfuko hushonwa ndani ya mshono wa ubavu, wenye kifuniko, ili sarafu zisimwagike anapoinama kisimani. Mikono ya gauni haiachwi kupepea, kwa kuwa msichana huyu atapika, na moto wa mafiga matatu haungoji mtu auone. Pindo halifiki chini hata likanyagwe. Na kuhusu siku zile za mwezi ambazo kila mama humfundisha binti yake, sketi iwe ya rangi nzito na iwe na mfuko wa pili wa siri, kusudi asilazimike kuomba mbele ya watu kitu ambacho wasichana wengine hukiendea wenyewe. Mambo haya yote hayaongezi gharama hata ya kilo moja ya unga. Yataka kuuliza tu, nasi hatukuuliza.

Wale wenye ualbino walikuwa na maneno mengine. Vifungo vyeupe juu ya kitambaa cheupe kwao ni kama havipo. Wakipewa vifungo vyeusi, au tundu la kifungo likizungushiwa uzi mweusi, huviona bila kuinamisha uso mpaka kifuani. Mikono mifupi tuliyoisifu ilikuwa imewaacha wazi kwa jua. Na shati jeupe jepesi, ambalo shule zetu za msingi hulivalisha pamoja na sketi ya bluu, ni kinga hafifu kuliko watu wanavyodhani. Jua hupenya katikati ya nyuzi, na shati likilowa hupenya zaidi. Mtu akitaka kujua, akiinue kitambaa mbele ya dirisha: akiuona mwanga kupitia vitundu, basi na ngozi itauona. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, tena cha rangi nzito, huzuia vizuri zaidi. Mafuta ya kukinga jua ni msaada mkubwa, lakini chupa huisha, na Kibondo ni mbali. Mkono mrefu wa gauni hauishi mpaka gauni lenyewe lichakae. Kofia nayo isiwe chepeo, ambayo huyaacha masikio na shingo ambako saratani hupenda kuanzia, bali iwe pama yenye ukingo wa vidole vinne kuzunguka pande zote. Kofia hiyo ni ya macho pia. Chini ya kivuli chake msichana huacha kukunja uso, na njia huonekana.

Hapa lakini tulipata mtu wa kutupinga, naye alikuwa mwalimu wa miaka mingi. Alisema kwamba sare ndiyo inayomfanya mtoto wa maskini asijulikane katikati ya watoto wa matajiri. Ukianza kumruhusu huyu mkono mrefu na yule kofia, umeivunja sare yenyewe, na kesho kila mzazi atakuja na lake. Akaongeza neno zito kuliko hilo. Katika miaka ile ya hofu, kutambulikana kwa mbali kulikuwa hatari. Mtoto wa pekee anayevaa pama katika safu ya watoto mia mbili huonekana tokea barabarani. Nguo uliyomshonea kwa upendo imekuwa alama.

Twakubali kwamba neno hilo lilitunyamazisha. Hata hivyo, baada ya kulitafakari, twaona kwamba halikusema msichana avae vibaya. Lilisema asivae peke yake. Kama mkono mrefu ni alama ukivaliwa na mmoja, si alama ukivaliwa na darasa zima. Jua la Buha huwachoma wote, na hakuna mtoto ambaye pama humdhuru. Ni vigumu, twajua, maana kitambaa cha mikono mia mbili si cha bure, na wazazi wengi hununua sare kwa shida. Wala hatutaki kusema kwamba shule yo yote yapaswa kufanya hivyo kesho. Lakini mashati mapya yanapokatwa, mbona tuanze kwa kumwuliza yule ambaye fupi na refu kwake ni mamoja, na kumwacha mwisho yule ambaye kwake ni ngozi na macho? Kipimo cha sare kingeweza kuchukuliwa kwake, nao wengine wangevaa vilevile bila kupotewa na kitu.

Ndipo twamrudia mzee na maua yake mekundu, kwa sababu mifuko na mafundo hayajamjibu. Yeye hakukataa msichana apate gauni la kumfaa. Aliuliza juu ya uzuri.

Safari hii tuliwauliza wenyewe. Mmoja alisema hajali rangi hata kidogo. Ataka kitambaa kisichokwaruza shingo na kisichopiga kelele akitembea, maana yeye huijua njia kwa masikio. Tulimsifu, na tukadhani wote watasema hivyo. Lakini yule wa Kibondo alitaka maua, tena mekundu. Tulimwuliza kwa nini, na swali letu lilikuwa la kipumbavu kidogo, kwa kuwa hatujapata kumwuliza msichana mwenye macho kwa nini ataka maua. Alijibu kwamba mama yake alikuwa na kitenge cha maua mekundu, na watu wakimwona mama njiani walikuwa wakikisifu kwa sauti. Yeye hakupata kukiona. Lakini alikishika, akawasikia wakikisifu, naye ajua kitenge ni kizito na kanga ni nyepesi, na kwamba kipya kina ugumu unaoondoka baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Wekundu kwake si kitu cha jicho. Ni kitu ambacho watu husema kwa furaha mama yake anapopita.

Na kwa kweli, hata sisi wenye macho, ni sehemu gani ya uzuri wa nguo tunayoiona wenyewe? Mtu aliyevaa haoni mgongo wake. Huambiwa amependeza, naye husadiki. Watu wa pwani walikwisha kulijua jambo hilo walipoiandika kanga. Kanga ina pindo na mji, lakini watu huichagua pia kwa jina lake, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu yake; mwenye duka huyasoma, wanunuzi hucheka au huguna, na kila mmoja huchukua neno lake. Msichana asiyeona aweza kusimama katika duka hilo akiwa sawa na wote. Yule wetu wa Kibondo alisomewa kanga sita, akazikataa tano, moja kwa sababu, alisema, maneno yake yalikuwa ya mtu mgomvi naye hakutaka kugombana na mtu bila kujua.

Lakini kwa kuwa uzuri wa nguo yake humfikia kwa maneno yetu, jambo jingine lazuka, nalo twaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote tuliyoandika.

Kabla ya magauni yale ishirini na manne, wasichana walikuwa wamegawiwa nguo za mitumba. Yule msichana alipewa gauni, akalipapasa, akauliza, “Ni la rangi gani, mama?” Mmoja wetu akamjibu, “Ni bluu nzuri sana, mwanangu. Umependeza.” Lilikuwa bluu zamani. Lilikwisha kupauka, na chini ya kwapa lilikuwa na kiraka cha kahawia kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Alilivaa kanisani siku ya Pasaka. Mtoto mdogo, ambaye hajajua bado kunyamaza, alimwambia kwa sauti kwamba gauni lake lina kiraka. Msichana hakulia. Ibada ilipokwisha alimjia yule mama, akamwuliza kwa upole, “Na lile la pili mliloniambia ni jeupe, mama, je, ni jeupe?”

Lilikuwa jeupe kweli. Lakini tangu siku ile hakumwamini mama yule katika jambo dogo wala kubwa. Akiambiwa chai ni ya moto huigusa kwanza, akiambiwa mlango u wazi hunyosha mkono.

Twajua wengi watamtetea yule mama, nasi twampenda, maana alisema hivyo kwa huruma. Alitaka msichana afurahi, na kiraka kile yeye asingekiona. Walakini ndipo penye kosa. Mwenye macho ukimdanganya kwamba nguo yake ni safi, uongo wako hufa mara anapojitazama kiooni. Asiyeona hana kioo kingine ila wewe. Ukimdanganya katika jambo la rangi, hukumwongezea furaha. Umempunguzia dunia, kwa sababu sasa hajui katika maneno yote aliyoambiwa ni yapi yaliyosemwa kwa kuwa ni kweli na ni yapi yaliyosemwa kwa kuwa yeye ni wa kuhurumiwa. Mwuza duka anayempa asiyeona kitambaa kilichopauka kwa bei ya kipya ni mwizi, na kila mtu atasema hivyo. Yule mwenye huruma hamchukulii fedha, lakini humchukulia kitu kilicho cha jamaa moja na fedha ile. Wapo pia wale wapendao kusema kweli ili waumize, wakitaja kiraka mbele ya watu. Hao hatuna haja ya kuwaandikia. Kweli ile ingeweza kusemwa siku ya kwanza, kwa sauti ya chini: Mwanangu, ni bluu iliyopauka, ina kiraka chini ya kwapa, je, walitaka hivyo, au tulitie rangi? Na uchaguzi ungekuwa wake.

Mnakumbuka habari ya Bartimayo, yule kipofu aliyeketi kando ya njia ya Yeriko. Kila mtu aliona alivyo. Hata hivyo Bwana alimsimamisha mbele yake akamwuliza ni jambo gani analotaka afanyiwe. Wahubiri hupita haraka swali hilo, kana kwamba lilikuwa adabu tu, ili waufikie muujiza. Sisi tangu Kasulu hatuwezi tena kulipita haraka. Hata yeye aliyejua, aliuliza kwanza.

Na yuko mtu mwingine tunayemfikiri katika jambo hili, ambaye wasioona wote wanamdai shukrani. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, mwana wa fundi wa ngozi mwenye kushona lijamu na matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka mitatu aliuchezea msharasi wa baba yake, ukamchoma jicho, na ugonjwa ukalifikia jicho la pili. Wakati ule afisa mmoja wa zamani wa jeshi, Charles Barbier, alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizoinuliwa, nukta kumi na mbili kwa alama moja. Barbier alikuwa na macho, na kwa macho nukta kumi na mbili ni rahisi. Lakini kidole hakiwezi kuzifunika zote kwa mguso mmoja. Braille, ambaye kidole ndicho alichokuwa nacho, alizipunguza zikawa sita, akazitangaza katika kitabu mwaka 1829, na hizo ndizo watoto wa Tanzania wanazozisoma hata leo. Barbier hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa njema na bila yeye isingekuwapo ile ya pili. Tofauti ya kumi na mbili na sita ni tofauti ya mwenye kushona na mwenye kuvaa. Magauni yetu yenye vifungo mgongoni yalikuwa ya nukta kumi na mbili.

Mzee wetu tulimjibu hatimaye, si kwa maneno mengi. Tulimwomba afuatane nasi siku ya kununua, pamoja na wasichana wanne. Alisimama dukani saa nzima akiwatazama wakipapasa vitambaa, na kila walipomwuliza rangi aliwaambia, kwa usahihi wa mtu aliyewahi kuwa karani wa pamba: hiki ni chekundu kama tofali, hiki ni chekundu kilichokolea zaidi, hiki mpakani kina njano msiyoitaka. Bei ilizidi kidogo. Yeye mwenyewe aliilipa ile ziada, akasema tusiitaje. Nasi tumeitaja bila jina lake.

Yule msichana wa Kibondo sasa anajifunza kufuma sweta, kazi ambayo vidole huifanya vizuri hata gizani, na ambayo katika vilima vile vya baridi haikosi wanunuzi. Mwezi uliopita alitupelekea sweta ya kwanza tuitazame kabla ya kuiuza. Ndani ya kola alikuwa ametia mafundo mawili. Aliuliza mambo matatu: kama mikono yote miwili ina urefu mmoja, kama sufi ya mgongoni imefanana na ya mbele, na twadhani itauzwa shilingi ngapi. Mkono wa kushoto ulikuwa umezidi kwa upana wa kidole kimoja. Tulimwambia. Aliguna, akaichukua, akaanza kuufumua.